Ala ya plastiki inayokishika kisu: niliyojifunza Moshi

Anayeanza kutengeneza ala za plastiki za kuhifadhia visu huuliza kwanza habari za joto: nyuzi ngapi, dakika ngapi, bloa (kifaa cha kupuliza hewa ya moto) ya aina gani. Joto lina umuhimu wake na nitalifikia. Lakini ala nyingi mbovu nilizozishika mkononi, zangu na za wenzangu, hazikuharibiwa na joto. Ziliharibika kabla moto haujawashwa, kwa sababu fundi hakuwa ameamua kisu kitashikwa wapi. Ala inayofanya kazi hukishika kisu sehemu moja tu, pale bapa linapokutana na mpini. Tumbo (pale bapa lilipo pana), makali na ncha vinatakiwa vikae huru ndani. Jambo hilo ukilisema ni dogo, ila kulielewa kwa mikono kulinigharimu plastiki nyingi na pesa, na kuna mtu lilimgharimu damu. Naandika ili anayeanza leo apite njia fupi zaidi.

Mimi ni fundi bomba hapa Moshi, maeneo ya Majengo. Kulainisha bomba la PVC kwa moto si jambo geni kwetu. Soketi ikikosekana saiti, unapasha mdomo wa bomba, unausukumia kwenye bomba lingine, unasubiri upoe, kazi inaendelea. Kwa hiyo shemeji yangu aliponiletea kisu akaniuliza kama naweza kukitengenezea ala, niliipokea kazi bila kusita.

Shemeji ni mpishi wa mlimani. Wapishi wa Kilimanjaro hupanda na jiko zima: mtungi wa gesi, masufuria, viazi, karoti, trei za mayai, na visu. Visu huviringishwa kwenye gazeti au kipande cha khanga kuukuu, vikasukumizwa ndani ya begi la vyombo. Mvua ya msituni, ukishapita geti la Machame, hulilowesha gazeti lote likawa uji, na ncha ya kisu ikatokeza. Mpagazi mmoja wa kundi lao alichanwa begani na kisu kilichopenya begi alilobeba. Ilibidi ateremshwe, na ujira wa safari ile ukampita huku ana watoto wa kulisha. Ndiyo maana shemeji alikuja kwangu.

Kwa wenzetu ng'ambo, ala za namna hii hutengenezwa zaidi kwa Kydex, plastiki ya mabamba ambayo ndani yake kuna mchanganyiko wa akriliki na PVC. Ilitoka Marekani mwaka 1965, kwenye kampuni ya Rohm and Haas, kwa ajili ya sehemu za ndani za ndege. Watengeneza ala za bastola na visu waliichukua baadaye. Kwa kisu cha kawaida bamba la milimita 2 linatosha, na kisu kizito au sime hutaka milimita 2.4 au zaidi. Mimi dukani Moshi sijaikuta. Nilipata mabamba machache kupitia ndugu aliyekuwa akirudi nyumbani, na nilipopiga hesabu ya usafiri na kila kitu, malighafi ya ala moja ilizidi bei ya kisu chenyewe cha shemeji. Kydex ni nzuri kuifanyia kazi kuliko PVC, sitaficha. Ukikosea, unaipasha tena, inarudi kuwa bamba bapa, unaanza upya. Lakini mpishi wa mlimani hawezi kununua ala inayozidi kisu bei.

Bomba la PVC liko kila duka la vifaa vya ujenzi. La inchi 4, ukilipasua kwa urefu ukalilainisha na kulinyoosha, linakupa bamba lenye upana wa sentimita kama 34. Kipande cha urefu wa kisu chako na kidogo cha ziada kinatosha. Chagua bomba ambalo ukuta wake una milimita 2 hadi 3. Chini ya hapo ala inakuwa nyepesi mno mdomoni, na juu ya hapo plastiki inakataa kufuata umbo la kisu.

Hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, maana ni jambo la afya. Usichukue bomba la kuokota wala la maji taka. Kuna mabomba ya PVC yaliyoimarishwa kwa viambata vya madini ya risasi, na kwa macho huwezi kuyatofautisha. Kisu kinachokwenda kukata nyanya za kachumbari za watu kumi na watano hakifai kulala ndani ya plastiki usiyojua asili yake. Mimi hununua bomba jipya la maji safi, lenye maandishi ya mtengenezaji, hata kama saiti nimeachiwa vipande vya bure. Na unapolipiga msasa, tumia maji, vumbi lisiruke. Mapafu ni yako.

Kitu kingine kuhusu PVC ya bomba: inakumbuka kwamba ilikuwa bomba. Ilipotoka kiwandani ilivutwa ikiwa ya moto, na mvuto ule ukabaki ndani yake. Ukiipasha kwa mara ya kwanza, inafupika kidogo kwa urefu. Kwa hiyo ipashe, inyooshe, iache ipoe chini ya ubao mzito, ndipo uchukue vipimo na kukata. Ukikata vipimo kwanza, bamba litakupunja. Na kumbukumbu hiyo haifi. Ala ya PVC ukiisahau kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani mwezi wa pili, unaikuta imefumbuka mdomo. PVC huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na ndani ya gari lililofungwa, nyuma ya kioo, jua la Moshi halichezi mbali na hapo. Kila mteja namwambia hilo kabla hajalipa.

Ala za mwanzo nilizitengeneza kwa kukunja bamba moja juu ya mgongo wa kisu, kisha nikabana kila kitu kwa jiliwa, yaani kibano cha mezani cha mafundi, nguvu zote. Kisu kilishikwa kwelikweli. Ukipindua ala ukaikung'uta hadi mkono uchoke, kisu hakitoki, na kila aliyeiona alisifu. Shemeji alipanda nayo, na wenzake wakaagiza zao.

Walirudi na habari. Bapa lilikuwa na mikwaruzo kuanzia ncha hadi mpini, kwa sababu plastiki ilililalia pande zote mbili na chembe za mchanga zikanaswa katikati. Makali yalikufa mapema. Hayo yangevumilika. Lililoniuma ni kijana msaidizi wa jikoni, aliyeshika ala kwa mkono wa kushoto akavuta mpini kwa nguvu, kisu kikang'ang'ania, akaongeza nguvu, kikachomoka kwa ghafla na kumpita kiganjani. Alishonwa. Kisu kinachobanwa urefu wote hakikupi dalili ya lini kitaachia, na kikiachia, mkono wako uko kwenye mwendo ambao huwezi kuuzuia. Watu hudhani hatari ya ala ni kulegea. Ala inayobana kupita kiasi ina hatari ileile, na pengine zaidi, kwa sababu mwenye nayo anaiamini.

Nilisimamisha oda zote. Nilikwenda Mamba, upande wa Marangu, ambako wahunzi wa Kichagga wamefua mikuki na visu vizazi na vizazi. Nilitaka kuona wao wanamalizia vipi kisu pale mpini unapoanza. Mzee mmoja niliyemwamkia kwenye kiwanda chake cha nyuma ya nyumba aliipokea ala yangu, akachomoa kisu, akakirudisha, akachomoa tena, akakiinua kwenye mwanga akitazama mikwaruzo.

"Mwanangu, kisu kina shingo. Mbona hiki umekibana tumboni?"

"Nilitaka kisianguke, Mzee."

"Mtu ukitaka kumzuia unamshika wapi?"

Akanirudishia, akaendelea kuvukuta. Nilirudi Moshi na daladala ya jioni nikiwa na kisu mapajani, natazama shingo yake.

Sasa tuingie kwenye shingo. Kishike kisu chako ukitazame kwa ubavu, kisha ukitazame kwa juu. Visu vingi vya kazi vina uvimbe mwanzoni mwa mpini, pengine na kikingio kidogo cha kuzuia kidole kisiteleze kwenye makali, halafu nyuma ya uvimbe mpini unabonyea kidogo pale kidole cha shahada kinapokaa. Huo uvimbe na kibonyeo chake ndiyo mali yako yote. Mdomo wa ala unatakiwa uvuke uvimbe na kuingia kwenye kibonyeo, sentimita moja na nusu au mbili tu za mpini. Kisu kinapoingia, uvimbe unausukuma mdomo, plastiki inafunguka chini ya milimita moja, uvimbe unapita, plastiki inarudi na kujifunga nyuma yake. Hapo ndipo unaposikia "tak". Kukitoa inabidi plastiki ifunguke tena. Nguvu ya kukishika kisu ni ile nguvu ya kuifungua plastiki, haina siri nyingine. Na uzuri wake ni huu: uvimbe ukishapita mdomo, kisu kizima kiko huru. Kinateleza kutoka bila kung'ang'ania popote, na mkono hauna haja ya kuongeza nguvu.

Ndiyo maana maandalizi ya kisu yana uzito kuliko moto. Chukua teipu ya karatasi ya wapaka rangi, bandika tabaka mbili kila upande wa bapa, kuanzia ncha hadi karibu na shingo, na uishie hapo. Shingo na mwanzo wa mpini viache wazi ili plastiki ivifuate kama vilivyo. Teipu ikiondolewa baadaye, bapa linabaki na nafasi ndogo pande zote, na mikwaruzo inaisha. Makali yenyewe yafunike kwa tabaka la ziada, yasije yakachimba plastiki wakati wa kukandamiza.

Kuna kitu ambacho wengi hawakioni mpaka kisu kinaswe. Tumbo la kisu mara nyingi ni pana kuliko shingo. Plastiki ikilifuata umbo lote kwa uaminifu, tumbo litakuwa ndani ya chumba ambacho mlango wake ni mwembamba kuliko lenyewe, na kisu hakitatoka kabisa. Dawa yake ni kubandika vijiti vya kiberiti chini ya teipu upande wa makali, kuanzia pale tumbo lilipo pana hadi mdomoni, ili plastiki iache njia iliyonyooka. Weka na kijiti kimoja kutoka kwenye ncha kwenda nje. Hicho kinatengeneza kitundu cha kutolea maji, na umuhimu wake nitaueleza tukifika kwenye baridi.

Mabamba mawili, moja kila upande, yananipa matokeo mazuri kuliko kukunja bamba moja. PVC iliyokunjwa kwenye mgongo wa kisu haikomi kutaka kufunguka. Mawili yaliyobanwa kwa ribiti (vipini vya chuma vya kuunganishia) pande zote mbili yanatulia.

Haya, joto. PVC hufanyika vizuri kati ya nyuzi 110 na 130 hivi. Kydex inataka zaidi, mimi huipeleka kwenye 160 na kitu. Maji yanayochemka hayatoshi. Moshi iko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemkia kwenye nyuzi kama 97. Yanatosha kunyoosha bomba jembamba, lakini plastiki ikitoka hapo haina ulaini wa kuingia kwenye kibonyeo cha shingo. Unapata ala inayofanana na kisu kwa mbali. Mimi natumia oveni ndogo ya mtumba ambayo haijawahi kurudi jikoni tangu niinunue, na hairudi. Umeme ukikatika, natumia sufuria pana yenye mchanga mkavu uliochekechwa, juu ya jiko la mkaa, na kipimajoto cha oveni nimekichomeka ndani ya mchanga. Mchanga unachukua muda kupata moto, lakini ukishaupata haubadiliki haraka, na bamba linapata joto sawa pande zote. Bloa peke yake kwa bamba zima siipendi. Huku linaungua, kule bado ni gumu. Bloa naiacha kwa marekebisho.

Bamba lililoiva, ukiliinua kwa glavu, linajilaza mkononi kama chapati iliyotoka kikaangoni. Likiwa bado linasimama lenyewe, lirudishe. Likianza kuwa la kahawia, kutoa malengelenge au harufu inayochoma pua, umepitiliza. Hiyo harufu ni gesi ya haidrojeni kloraidi. Inaunguza koo, na ikikutana na unyevu inageuka asidi, ndiyo maana vifaa vya chuma vilivyo karibu hushika kutu. Fanyia kazi hii nje au mlango na madirisha yakiwa wazi, na upepo ukiwa mgongoni kwako. Mabaki ya PVC usiyatupe motoni hata siku moja. Najua mtaani tunachoma takataka kila jioni, lakini moshi wa PVC una sumu mbaya, na watoto ndio wanaocheza karibu na moto huo. Glavu ziwe za pamba au ngozi. Za nailoni zikipata joto kali, kama la bloa, huyeyuka na kugandia kwenye vidole.

Wengine wanaogopa kwamba joto litaharibu ugumu wa chuma cha kisu. Kwa nyuzi hizi, hapana. Kisu kikitolewa kiwandani hupitishwa kwenye joto la juu kuliko hilo, na bamba huanza kupoa mara tu linapokigusa.

Kukandamiza kunataka kitu laini lakini chenye ukaidi. Godoro la kawaida ni laini mno, linakubali kisu bila kukisukumia plastiki. Nilichokipata Moshi kwa urahisi ni mikeka ya povu ya kulalia mlimani, ile ya rangi inayokunjwa kwa kuviringisha. Ikishachakaa, wenye maduka ya kukodisha vifaa huiuza kwa bei ndogo. Kata vipande, panga tabaka mbili au tatu kwenye kila ubao, tandika kitambaa cha pamba juu ili plastiki ya moto isigande kwenye povu. Bamba, kisu, bamba, funga mbao kama kitabu, kaza kwenye jiliwa. Una sekunde chache tu, kwa hiyo kila kitu kiwe kimekaa mahali pake kabla ya kufungua oveni. Kisha ondoka. Kanywe chai. Plastiki iliyofunguliwa ikiwa na uvuguvugu hujirudi, na shingo ndiyo ya kwanza kupotea kwa kuwa ndipo palipobonyezwa zaidi. Gusa ubao, kama bado una joto, ngoja.

Ribiti ndizo zinazoamua ugumu wa mdomo, na hili nililigundua kwa kulinganisha ala zangu mezani. Ribiti ya kwanza ikikaa karibu na shingo, plastiki haina nafasi ya kujikunja, na mdomo unakuwa mgumu. Ikisogea mbali, mdomo unalegea. Mimi huanzia milimita 6 hadi 8 kutoka kisu kinapoishia. Natumia ringi za chuma za mafundi turubai, kwa sababu tundu lake linabaki wazi na unaweza kupitisha kamba. Kwa wateja wanaotaka ala ya kurekebisha wenyewe, naweka bolti fupi na nati karibu na shingo, na katikati ya mabamba naingiza washa (kijiringi bapa) niliyoikata kwenye mpira wa tyubu. Ukikaza, inabana, ukilegeza, inaachia. Ni jambo dogo, lakini mpishi akiwa siku ya nne mlimani halazimiki kusubiri arudi kwangu.

Baada ya kukata ukingo kwa msumeno wa chuma, lainisha kwa tupa kisha msasa wa 120, 240, hadi 400 kwa maji. Usifanye kwa ajili ya urembo tu. PVC huanza kupasuka kwenye mkwaruzo au kona kali, na ufa ukishaanza hausimami. Mdomo wa ala ndio unaofanya kazi kila siku, kwa hiyo kona zake zote ziwe za mviringo, zing'ae. Upande wa mgongo wa kisu acha kipande cha plastiki kinachotokeza mdomoni, kipana cha kutosha kuweka kidole gumba. Mkono ule ule unaoshika mpini unasukuma ala kwa gumba. Kisu kinaachia, na mkono mwingine hauko njiani kabisa. Ile ajali ya kiganja isingetokea kama ala ile ingekuwa na hicho kipande. Siku hizi siuzi ala isiyokuwa nacho.

Ala ikitoka kwenye mbao inatakiwa ibane kidogo kuliko unavyotaka, kwa sababu baada ya kuingiza na kuchomoa mara nyingi inajizoesha. Kulegeza: elekeza bloa yenye mdomo mwembamba kwenye shingo tu, ingiza kisu ukiwa umeongeza tabaka ya teipu kwenye uvimbe wa mpini, acha ipoe. Kukaza: pasha hapohapo, ingiza kisu bila teipu, bonyeza kwenye kibonyeo kwa vidole vyenye glavu. Joto liwe kidogo, sehemu iwe ndogo. Ukipasha ala nzima, PVC inakumbuka tena ubomba wake na kazi yote inapotea.

Kupima nafanya hivi. Naipindua ala juu ya boksi la karatasi na kuikung'uta kwa nguvu, mikono mbali na ncha. Kisha nafunga ala kwenye jiliwa, naunganisha mpini na mizani ya ndoano, ile ya kupimia mizigo sokoni, navuta taratibu. Mimi napenda iachie mizani ikisoma kati ya kilo 2 na 4. Kisu kizito juu kidogo, kisu kidogo chini kidogo. Masikio huiamini sana "tak", lakini nimeona ala zenye mlio mzuri zikiachia kwa kilo moja.

Baridi ilinifundisha somo lake. Kambi ya Barafu, kule Kilimanjaro, iko mita 4,673, na usiku joto hushuka chini ya sifuri. Wapishi walirudi wakiniambia, "Mangi, huku chini inaachia vizuri, kule juu inagoma." Plastiki husinyaa kuliko chuma inapopoa, lakini kwenye upana mdogo wa shingo tofauti hiyo ni ndogo sana. Sababu kubwa ni mbili: plastiki inakuwa ngumu zaidi, haifunguki kwa hiari, na maji yaliyobaki ndani yanaganda na kukigandisha kisu. Kile kitundu cha kwenye ncha ndicho kinachotoa maji, na namwambia kila mpishi afute kisu kabla ya kukirudisha, halafu asimamishe ala ncha ikiwa chini. Tena PVC iliyoganda ni dhaifu kwa kupigwa. Ikidondoka juu ya jiwe inaweza kupasuka mdomo. Kabla ya kukabidhi ala ya mlimani, mwenye bucha jirani yangu ananiruhusu kuilaza kwenye friza yake usiku kucha, na asubuhi napima mvuto ikiwa bado ina barafu. Isipofaulu hapo, haiendi.

Visu vya jikoni vyenye mpini ulionyooka, visivyo na uvimbe wala kibonyeo, ni kesi ngumu, na sitamdanganya mtu. Hakuna shingo ya kushika. Hapo naacha plastiki iguse bapa sehemu moja fupi tu, karibu na mpini upande wa mgongo ambako hakuna makali, na naongeza mkanda wa mpira wa tyubu unaopita juu ya mpini. Msuguano peke yake unalegea baada ya wiki kadhaa, na mkanda ndio unaobeba dhamana. Mteja akitaka "tak" kwenye kisu cha aina hiyo, namshauri anunue kisu kingine, hata kama nakosa kazi.

Kuhusu pesa: bloa ilinitoka Sh 70,000, oveni ya mtumba Sh 45,000, na ringi pamoja na kifaa cha kuzipigia si ghali ukinunua kwa mafundi turubai. Bomba ndilo rahisi kuliko vyote. Kinachokula faida ni muda na umeme, na vipande vinavyoharibika ukiwa bado unajifunza. Vihesabie kabla ya kupanga bei. Ala ya PVC naiuza Sh 15,000. Ya Kydex nafanya kwa oda tu, mteja akitanguliza pesa ya malighafi.

Ukitaka kuagiza, kwangu au kwa fundi mwingine yeyote, lete kisu chenyewe kitakachokaa ndani. Visu viwili vya kiwanda kimoja, vilivyonunuliwa duka moja siku moja, hutofautiana unene wa mpini kiasi cha kuua mshiko wote. Sema kama unatumia mkono wa kushoto, maana nafasi ya gumba na ya mkanda vinageuka. Sema utakivaa kiunoni au kitalala kwenye begi. Na kama makali ni butu, kinoe kwanza. Kunoa baada ya ala kutengenezwa hakuharibu kitu, ila nikipokea kisu butu nakinoa mwenyewe kabla ya kukifunga teipu, na hiyo inaongeza Sh 1,000.